Betri Iliyokula Suruali ya Profesa

Bandugu, muanze kucheka sasa mumalize, juu nikishaanza kusimulia sitaki mutu anikate katikati. Mimi, niliyefundisha umeme miaka mingi kule Uvira, mumoja wa baprofesere ba kwanza ba fani ile mu institi yetu (tulikuwa babili tu, na mwenzangu alipenda bia kuliko volti), mimi njo niliaibishwa na asidi ya betri mbele ya darasa zima, na asidi ile ilikuwa somo langu la kwanza kila mwaka.

Huku Nakivale, mu kambi ya bakimbizi ya Uganda, bantu ba kijiji chetu cha Kashojwa baliniita Prof, lakini kazi yangu ilikuwa kuchaji simu zao na kutengeneza redio. Kazi ni kazi, sikatai. Lakini mutu aliyezoea chaki, akiikosa mikono inamuwasha, na yangu iliwasha tangu tulipokimbia. Basi nikaanzisha utafiti wangu nyuma ya nyumba: nachukua betri zilizokufa, zile bantu banatupa, nazimwaga, nazisafisha, naziwekea asidi mupya, nazichaji polepole na sola, na kweli zingine zinafufuka. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa ananitania, "Baba Neema, unafufua mabetri, paa yetu utaifufua lini?" Nikamujibu kwamba sayansi iko na utaratibu wake.

Siku moja tukasikia chuo fulani cha ufundi pale Mbarara kinatafuta mwalimu wa umeme. Mutu wa kanisa letu akabaambia habari zangu, bakaniita nifundishe somo moja la kujaribiwa, bakipenda, kazi ni yangu. Nililia kidogo, sitabaficha. Nikatoa mu valizi suruali yangu ya kaki, pamba tupu, ile nilifundisha nayo Uvira, njo kitu kimoja cha ualimu nilivuka nacho mupaka (hata diplomu zilibaki). Mama Neema akaipiga pasi ya makaa mpaka ikataka kusimama yenyewe.

Nikaamua kwenda na betri moja, ile nzuri kuliko zote nilizofufua, nibaonyeshe kwamba sikulala bure miaka hii yote. Nikapata lifti ya pikapu ya ndizi iliyopitia Kabingo. Dereva, Munyankore mupole, akaniambia, "Mzee, weka hii nyuma na matoke."

Nikamuangalia juu mpaka chini, nikamujibu na neno la kwao la "bwana". "Ssebo, hii ni utafiti, haiko ndizi."

Nikaipakata mu magoti sawa mutoto. Hapo njo kila kitu kiliharibikia. Barabara ile munaijua, shimo linakupokea, linakukabidhi kwa shimo lingine, na vifuniko vya betri nilivifunga mimi mwenyewe kwa haraka ya furaha. Nikasikia baridi mu mapaja, ikashuka mpaka fasi ya kukalia, kiisha ikaanza kuniwasha. Nikajiambia, ni jasho la woga. Profesa muzima! Nikajipangusa na kitambaa, nikaendelea kurudia somo mu kichwa. Tulipofika Mbarara suruali ilikuwa imekauka, nikamushukuru Mungu.

Darasa lilijaa. Mukuu wa chuo, mama mumoja munene wa sauti ya chini, alikaa nyuma kabisa na mikono amefunga. Nikasalimu, nikainama kuinua betri niiweke mu meza, nikasikia chraaa. Nilidhani ni kiti. Banafunzi bakacheka, nikadhani banacheka Kiswahili changu cha Kongo, nikakaza sauti. Nikageukia ubao kuandika, kicheko kikaongezeka, nami kichwa ngumu nikaandika kwa herufi kubwa zaidi, mpaka binti mumoja wa mbele akaninong'oneza kwa huruma, "Mwalimu, suruali imeisha."

Hakusema imepasuka. Alisema imeisha. Nikapeleka mukono nyuma, nikakuta upepo tu na kaptula yangu ya mpira, ya njano, namba tisa, ya timu ya vijana ba kanisa. (Ile ni poliesta, haiogopi asidi. Pamba njo asidi inakula, na hilo nililijua kabla baba ya yule binti hajaoa.)

Nikabandika mugongo ku ubao, sikubanduka tena. Sasa mutu aliyebandikwa ataandikaje? Nikabaki naamuru tu: "Wewe, kuya uandike. Wewe, shika waya huu. Hapana, usiniulize mimi, muulize mwenzako." Bakachora bao benyewe, bakabishana bao benyewe, bakaunganisha bao benyewe, taa ikawaka. Bakapiga makofi. Mukuu akasimama, akasema, "Professa, kuja hapa nipe wewe mkono."

Kwenda mbele ya mama wa bantu na namba tisa? Nikatembea upande-upande, mugongo ku ukuta mpaka mulangoni, na nilipopata mulango nikakimbia. Betri niliiacha pale mu meza. Nilirudi Kashojwa na gunia tupu la ndizi limefungwa kiunoni.

Mama Neema aliikunjua suruali ile, vidole vikapita. Akasema, "Hii hata kiraka hakina fasi ya kushika." Hakucheka, na hapo njo niliumia kabisa. Ile ilikuwa nafasi yangu moja ya kurudia kuwa mwalimu, na niliikimbia na miguu yangu mwenyewe. Nikazima simu yangu, sikutaka kusikia mutu (mwenye kuchajia bantu simu, yake imezimwa!).

Zikapita siku, mpaka mchana mumoja gari ikasimama mbele ya kibanda. Akashuka yule Mukuu, amekumbatia betri yangu.

"Ssebo! Wewe nachaji simu ya watu, ya wewe kila siku imezimwa! Mimi nauliza Prof, Prof, mpaka hapa."

"Madamu, nisamehe, ile siku…"

"Acha. Mimi naona walimu mingi. Wao naandika ubao, wanafunzi nalala. Wewe napatia wao waya kwa mkono. Sasa wanafunzi nasumbua mimi, wanataka Namba Tisa. Jumatatu kuja kazini."

Bandugu, nilitaka kusema aksanti, nilitaka hata kupiga magoti. Lakini macho yangu yalikuwa mu sketi yake, pamba safi ya rangi ya maziwa, na fasi ya mapaja ilikuwa na alama ya maji.

"Madamu," nikamuuliza polepole, "hii betri ilisafiri fasi gani?"

"Mimi nabeba kwa magoti. Si ni utafiti yako?"

"Aksanti, Madamu. Rafadhali, usigeuke, na usiiname." Kiisha nikapaza sauti, "Mama Neema! Leta kitenge, mbio!"

Nilifundisha pale miaka, na mpaka leo banafunzi ba zamani bakinikuta mu soko ya Mbarara bananiita Namba Tisa, naitika. Lakini betri, tangu siku ile, inasafiri nyuma, na ndizi.