Vipepeo na Sahani ya Mgeni

Kwetu Uvira, kule Kongo, kipepeo akiingia ndani, mgeni yuko njiani. Basi mama alipotoka kambi ya wakimbizi akaja kuishi nami hapa Sharpstown, kila kipepeo alipopenya mlangoni aliongeza unga kwenye fufu, ugali wetu wa muhogo, na kuweka sahani ya ziada. Nilikuwa nikimcheka. Houston hii, nani atakuja bila kupiga simu?

Mimi vipepeo niliwafuata kwa udadisi tu. Nisipokuwa zamu ghalani, niliendesha gari hadi kwenye nyika za karibu na bahari, nikakaa nyasini kuwatazama. Wakati wa joto, wadogo wa manjano walijazana kwenye matope baada ya mvua. Maua tele pembeni, wao wang'ang'anie tope! Nikauliza watu, nikaambiwa wanafyonza chumvi. Nilifurahi kutwa nzima kwa kujua hilo.

Vuli ikaja na wale wa rangi ya chungwa, wanaopita kwenda Mexico. Nikamchukua mama. Vichaka vyote vilikuwa vikipepea. Akashika kiuno.

"Kumbe bageni bote beko huku!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Baridi ilipoingia, vipepeo walitoweka, na sahani ya ziada ikabaki kabatini. Mama alikuwa peke yake kutwa nzima, anachungulia milango ya majirani iliyofungwa.

"Huku batu habatembeleanaka," aliniambia. "Mi narudia mu kambi. Kule niko na batu."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Kisha nikakuta amekunja vitenge vyake vyote sandukuni. Iliniuma, na nilikasirika pia, maana nilimngoja miaka mingi.

Siku moja joto limeanza kurudi, nikatoka kazini na kukuta mlango wa baraza uko wazi, na kiyoyozi kinanguruma.

"Mama! Tunapoza barabara?"

Akaninyooshea kidole kwenye pazia. Kipepeo alikuwa pale, wa rangi ya chungwa, mabawa yamechanika kwa safari. Nikamsogelea kumtazama vizuri. Ndipo nikaelewa kwamba mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi, kwa makusudi.

Fufu ilikuwa tayari, na sombe, kisamvu chetu. Tukangoja. Nilitamani mtu yeyote agonge, hata aliyekosea nyumba. Hakuja mtu. Mama alitazama sanduku lake, mimi nikatazama sakafu.

Kisha akainuka, akajifunga kitenge, akafunika sahani ya mgeni kwa kitambaa na kutoka. Nikamfuata. Aligonga mlango unaotazamana na wetu, mlango ambao miaka yote hiyo sikuwahi kuugonga. Akafungua bibi mmoja mwenye mvi, akasema neno kwa Kihispania. Mama hakujua hata neno moja la lugha hiyo. Akamkabidhi sahani.

"Umekawia, mama," akamwambia kwa Kiswahili chetu. "Tulikuwa tunakungoya."

Yule bibi alifunua kitambaa, akanusa, akamtazama mama. Halafu akafungua mlango wote.