Afadhali Ingekuwa Mwanamke

Siku mwanangu aliponiambia, "Baba, sasa kazi yako ni kupumzika tu," nilifurahi kama mjinga. Sikujua kupumzika nako kuna msimamizi.

Nimechonga mawe tangu nikiwa na nywele. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimepotea njia hapa katikati, ningojeni, nitarudi. Alaumiwe mwalimu, ambaye alikuwa akitufundisha hesabu akiwa ameegemea ukuta ili asianguke. Kuta nyingi za pale Kamenu, Thika, zile zenye uso uliodonolewa kama mahindi yaliyopitiwa na kuku, ni mkono wangu. Halafu mashine zikaingia machimboni, zikaanza kukata mawe kama mkate, na sisi wa nyundo tukabaki kuitwa kwa kona tu, pale tajiri anapotaka nyumba yake ionekane kutoka barabarani. Mama watoto alipofariki, mwanangu akanihamishia kwake Kimbo, huku Ruiru, kwenye nyumba yenye vigae mpaka chooni.

Hicho choo ni hadithi nyingine. Wacha nisiende huko.

Pale kwa mwanangu sikuruhusiwa kugusa kitu. Nikishika ufagio, mke wake anapiga kelele, "Baba, wacha! Majirani wataona!" Nikitaka kumwagia mboga za sukuma wiki maji, naambiwa nitateleza. Hata chai nilikorogewa sukari. Mtu aliyepasua mwamba kwa mkono, anakorogewa sukari! Nilikaa kwenye kiti laini kinachokumeza mpaka ukitaka kusimama unaita watu, nikitazama wapenzi wa ng'ambo wakilia kwenye televisheni. Walilia tangu asubuhi mpaka jioni. Sikuwahi kujua shida yao.

Baada ya miezi michache chakula kikakataa kushuka. Nikapelekwa hospitali. Wakapima presha, sukari, mkojo, wakanimulika kifua. Daktari akasoma karatasi zote, akaniambia, "Mzee, wewe ni mzima kuliko mimi."

"Basi mbona nasikia kama nimeshakufa na hakuna aliyeniambia?"

Akacheka, akaandika nitembee kila asubuhi. Mwanangu akaibandika karatasi hiyo kwenye friji kama sheria ya serikali.

Siku ya tatu ya kutembea nikapita kwenye mjengo mmoja karibu na steji ya matatu. Fundi wa pale, kijana mnene mwenye kofia ya plastiki, alikuwa anapigana na jiwe la kona. Alilipiga kama mtu anayeua nyoka. Likapasuka katikati. Nikacheka, na mimi nikicheka nasikika mpaka kule Witeithie.

"Guka," akaniita, yaani babu, "unacheka nini?"

"Jiwe limekushinda."

"Kama wewe ni fundi, si uchonge tuone? Mdomo haujengi."

Nikavua koti. Nikaligeuza jiwe lingine pole pole, nikitafuta upande wake. Jiwe lina upande wa kukubali na upande wa kukataa, kama mama mkwe. Nikashika tindo, nikagonga kidogo, kidogo tena, na uso ukafunguka safi. Magoti yalilia lakini mkono haukuwa umesahau kitu. Vijana wa kuchanganya simiti wakasimamisha koleo. Mmoja akasema, "Ngai! Guka ni moto!" Fundi akakuna shingo, kisha akauliza, kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie:

"Kesho unakuja saa ngapi?"

Tangu nihamie Kimbo nilikuwa nimeulizwa kama nimemeza dawa, kama nasikia baridi, na kama nimeenda haja. Kesho nakuja saa ngapi, hakuna aliyekuwa ameuliza. Niliona aibu vile macho yalivyoloa. Nikasingizia vumbi.

Basi nikawa naenda. Fundi alinipa kona zote nne. Akasema, "Hizo ni zako, fanya unavyojua, mimi sitaki kuziona mpaka umalize." Alitaka kunilipa, nikamwambia anipe githeri tu, mahindi na maharagwe. Saa nne tulikaa kwenye mbao, tukala kutoka karai moja, wakinitukana: "Guka, meno ni mawili lakini unakula ya watu watatu!" Na mimi nikiwatukana, mmoja baada ya mwingine, bila kumsahau yeyote. Chakula kilishuka chenyewe.

Shida ilikuwa vumbi. Mwanangu ana kazi ya ofisi kule Thika, na kanisani anakaa safu ya mbele. Baba yake akionekana mjengoni, watu watasema amemtelekeza. Angenikataza siku hiyo hiyo, na mimi ningerudi kwenye kile kiti kungoja wale wapenzi wamalize kulia. Kwa hivyo nikaficha ovaroli ndani ya mfuko wa simiti. Na kabla ya kurudi nyumbani nilioga nyuma ya mabati na sabuni ya kipande ya wale vijana. Nikarudi nyumbani nimetakata, nimenyoosha shati, napiga mluzi.

Ninyi wenye akili mmeshaelewa. Mimi nilikuwa sijaelewa. Mke wa mwanangu ndiye aliyeelewa.

Jumapili moja baada ya chakula wakazima televisheni. Nikajua mambo ni mazito. Mwanangu akakohoa.

"Baba, tumeona umebadilika. Unatoka kutembea, unarudi umeoga. Na hiyo sabuni si ya hapa."

Mke wake akaangalia vigae. "Na unapiga mluzi, Baba."

Alisema mluzi kama watu wanavyosema kifua kikuu.

"Kama kuna mama mahali," mwanangu akaendelea, "sisi hatukatai. Tungependa tu kumjua. Tufuate utaratibu."

Nitasema ukweli, maana kwa umri wangu uongo unachosha. Nilifikiria kukubali. Mwanamke ningesamehewa. Wangemletea hata leso. Mawe ndiyo ningenyang'anywa. Nikaanza kumtengeneza pale pale: mjane, mweupe kidogo, anauza maharagwe, hana maneno mengi. Alikuwa anaendelea vizuri kabisa mpaka mke wa mwanangu akauliza, "Anaitwa nani?" Nikafungua mdomo, jina likakosekana.

"Ni mawe," nikasema.

"Mawe gani?"

"Ya kona. Nachonga pale mjengoni karibu na steji."

Mwanangu akaketi vibaya, kama mtu aliyekosa kiti. "Baba, afadhali ingekuwa mwanamke." Akasogea karibu. "Nimekunyima nini? Sema. Chakula? Nguo?"

"Sukari," nikasema. "Ungeniachia hata sukari nikoroge mwenyewe."

Hakuelewa, au alielewa sana. Akasimama. "Kesho huendi."

Kesho yake nikaenda. Nilikuwa kona ya mwisho gari lake liliposimama. Akashuka na viatu vya ofisi ndani ya tope, akamwendea fundi.

"Nimekuja kumchukua huyu mzee."

Fundi hakumjua. "Huyu hatoki, bosi. Kona bado. Kwanza gusa hapa." Akaushika mkono wa mwanangu bila ruhusa, akaupitisha kwenye kona ya kwanza, juu mpaka chini. "Unasikia? Hakuna mashine inafanya hivyo."

Mwanangu akagusa kona ya pili mwenyewe. Akasimama. "Na hili lililopinda?"

"Hilo ni la fundi," nikasema haraka.

"Uongo!" vijana wakapiga kelele. "Ni la Guka! Hiyo siku alikuwa anasinzia!"

Mwanangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike mama yake. Akakaa juu ya jiwe na suruali yake ya heshima.

"Kule kwetu ofisini," akasema, "juzi walitupeleka uwanjani turuke na magunia, ati tupate moyo wa kazi. Wakatupa fulana. Tukirudi, hata kalamu naomba kwa kuandika barua. Baba, mimi nikistaafu, sijui nitakosa nini."

Nikampa nyundo. Akagonga jiwe, likapasuka, akagonga na kidole. Vijana wakaimba, "Pole, bosi!" Akanyonya kidole, akaomba jiwe lingine.

Sasa naenda wazi. Mke wa mwanangu hufua ovaroli na kuipiga pasi, imekuwa na mstari kama ya meneja. Siku ya kwanza fundi aliniona akaangusha mwiko: "Guka, umekuja kununua ploti?" Ilibidi niviringike kwenye mchanga kwanza. Sukari nakoroga mwenyewe, mke wa mwanangu akiangalia kando kama anaona mtoto akivuka barabara kuu.

Mwanangu naye huja Jumamosi. Ameshapasua mawe mengi kuliko niliyopasua maisha yangu yote, na kila wiki anarudi. Juzi fundi alinivuta kando.

"Guka, nakuomba. Mwambie huyo kijana wako apumzike."

Nikamwambia hilo neno kwetu halitajwi, achague mawe mabovu amwekee.