Saa Aliyoitaja Wifi

Chupa ya uzazi ya fundi ilipasuka saa kumi alasiri, mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani. Mimba ilikuwa imetimia, uchungu haukuwepo. Alikunja kitambaa, akakikalia, akamaliza pindo la sketi ya shule.

"Maji tu hayo," alisema wifi yake, dada wa mumewe. "Uchungu ukija utaujua, haupigi hodi."

Wifi ndiye aliyemfundisha kushona. Fundi hakuzoea kumpinga. Walikwenda hospitali kesho yake saa tano asubuhi, maji bado yakichuruzika. Kwenye benchi wifi alimnong'oneza:

"Wakikuuliza, sema alfajiri ya leo. Ukisema jana watakutundikia dripu ya kuleta uchungu. Mimi walinitundikia. Uchungu ule, wifi yangu, hauna breki."

Mkunga alipouliza, wifi ndiye aliyejibu.

"Una hakika, mama?" mkunga alimgeukia fundi. "Kama ni tangu jana, naanza dripu sasa hivi, na dawa ya kuzuia maambukizi. Kama ni leo, tunaweza kusubiri kidogo uchungu uje wenyewe."

Fundi alihisi kidole cha wifi ubavuni.

"Ni leo," akasema.

Wakasubiri. Kulipokucha alikuwa anatetemeka kwa homa na maji yananuka. Dripu ikaja, imechelewa. Mtoto wa kike alizaliwa akihema mbiombio. Aliishi siku tatu.

"Mungu kapenda," wifi aliwaambia waliokuja kuwapa pole. Uongo ulikuwa wa wifi, lakini kinywa kilichousema kilikuwa cha fundi.

Hakupata mtoto mwingine. Miaka kumi na sita wameishi ukuta kwa ukuta, wakiazimana chumvi, wakiuguzana.

Mwezi uliopita, chupa ya binti wa wifi ilipasuka akiwa anafua. Fundi ndiye aliyebeba mfuko wa hospitali. Walipofika, mkunga alikuwa hajafungua hata daftari.

"Saa tatu na robo!" wifi alipaza sauti. "Saa tatu na robo asubuhi hii, nesi, nimeangalia saa mwenyewe! Uchungu bado. Kama ni dripu, mtundikieni, msichelewe!"

Kisha akageuka, akakutana na macho ya fundi.

"Kumbe saa ya kweli inasemeka, wifi," fundi alisema.

Akamkabidhi wifi mfuko, wenye nguo sita za kichanga alizozishona mwenyewe, akarudi kwenye cherehani yake.