Hoteli Tupu ya Kiangazi

Baba alipofariki, mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi na mama tulikuwa tumechoka hata kulia kulitushinda. Kiharusi kilimlaza kwa miaka, na sisi wawili ndio tuliokuwa tukimgeuza, kumwosha na kumlisha uji. Nikirudi kazini wizarani, navua abaya, napokea zamu.

Eda ya mama ilikwisha katikati ya kiangazi, wakati joto la Maskati linamfukuza kila mwenye pa kwenda. Hoteli za ufukweni zilikuwa tupu. Nikamwambia tutoke kidogo mtaani kwetu Wattaya, tukakae hoteli, hapo hapo mjini.

"Hoteli ya nini, na nyumba tunayo?"

"Nataka tulale mahali ambapo hakuna wa kutuita, mama."

Akaenda kukunja madira yake.

Tulikuta viti vya ufukweni vimebebanishwa na kufungwa kamba. Katika ukumbi wa chakula tulikuwa sisi wawili tu na mhudumu mmoja, mwanamke wa makamo. Alipotusikia tukizungumza Kiswahili, akatabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Tanga. Pumzikeni tu, mama, msimu huu hapa haji mtu."

Mama akalala. Aliamka kusali na kula, akalala tena. Mimi nilijilaza kitanda cha pili, ngozi imekauka kwa kiyoyozi, masikio bado yakitega kikohozi cha baba. Kila nikisinzia nilishtuka, nikakumbuka kwamba hayupo.

Asubuhi moja niliamka nikakuta kitanda cha mama kitupu. Nikateremka mbio mpaka ufukweni. Alikuwa amesimama baharini, maji kiunoni, na dira alilovaa likielea kumzunguka.

"Mama, unafanya nini?"

"Nnaoga. Njoo, maji ya moto haya, kama ya kumkandia baba yako."

Nikaingia na nguo zangu. Akanishika mkono, akatazama mbele.

"Nimechoka, mwanangu."

Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo, hata mbele ya madaktari.

"Na mimi, mama."

Ndipo tukalia, wote wawili, taratibu, mpaka jua lilipoanza kuchoma.

Tulirudi nyumbani bado tumechoka. Lakini tangu siku ile mama alianza kulala mlango wa chumba chake umefungwa. Miaka yote ya ugonjwa alikuwa akiuacha wazi, amsikie baba akiita.