Betri Iliyolala Jikoni

Ungemuuliza mtu yeyote wa Mkumbi, miaka ile ya Mwingereza, ni nani dereva hodari kuliko wote, angekutajia Romanus bila kufikiri, maana dereva alikuwa mmoja tu. Lori nalo lilikuwa moja. Wakulima kumi na wawili wa kahawa walikuwa wamechanga wakalinunua, kuukuu lakini linatembea, na mwenyekiti wao, mzee Blasius, akamkabidhi ufunguo mbele ya watu. Blasius alikuwa baba mkubwa wa Romanus. Romanus mwenyewe alijifunza udereva vitani, akarudi na koti zito la jeshi na imani kwamba ndani ya gari hakuna kitu asichokifahamu. Koti lilichakaa. Imani haikuchakaa.

Huko milimani Umatengo kuna baridi ya kweli. Juni na Julai ukungu hushuka asubuhi ukakaa hadi saa nne, saa tano, na mtu hamwoni mwenzake hatua kumi mbele. Kahawa haingojei ukungu uondoke, kwa hiyo Romanus aliendesha taa zikiwaka mchana kweupe. Baridi hiyohiyo ilichosha betri. Asubuhi lori lilikuwa halitaki kuwaka, na wanaume walizungusha hendeli kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi.

Mwaka wa hamsini na mbili, mwezi wa Juni, Romanus akapata dawa. Kila jioni alifungua betri, akaibeba begani hadi jikoni, akailaza karibu na mafiga na kuifunika gunia. Mkewe, Celestina, alilalamika kwamba mama yake alipokuja kusalimia hakupewa nafasi nzuri namna ile. Lakini asubuhi betri ilitoka na joto lake, na lori likanguruma mara moja. Watu walimsifu Romanus barabara nzima hadi Mbinga. Kusifiwa alikupenda, tena sana.

Mwezi huohuo wa Juni dada yake alirudi nyumbani.

Ottilia alikuwa mdogo wake wa pekee. Alikuwa ameolewa Mbamba Bay, kando ya ziwa, na mvuvi aitwaye Wendelin. Mwezi wa tatu wimbi lilimchukua Wendelin, na ziwa halikumrudisha. Hata matanga hayajasahaulika, shemeji yake Urbani, mwenye mke na watoto watano, akatangaza kwamba mke wa ndugu yake sasa ni wake, pamoja na nyumba na nyavu. Ottilia hakubishana naye. Alifunga nguo zake, akapanda milima siku tatu kwa miguu, na kichwani alibeba kapu la usipa mkavu, dagaa wa ziwani, maana hakutaka kufika kwa wifi yake mikono mitupu.

Romanus alilia alipomwona. Alimshika mabega, akasema mbele ya Celestina na majirani waliokuja kutoa pole, "Hapa ni kwenu, mdogo wangu. Hakuna wa kukuondoa." Alisema kwa sauti, kila mtu akasikia.

Globu ya kwanza ya taa za lori iliungua siku kumi baadaye. Hilo ni jambo la kawaida, akaweka nyingine. Wiki iliyofuata ikaungua ya kushoto. Kisha zote mbili, siku moja. Globu ambayo zamani ilikaa mwaka mzima sasa haimalizi wiki mbili, na globu hazioti shambani, ziliagizwa Songea. Wakulima walianza kunung'unika. Romanus alizihifadhi zilizokufa ndani ya kopo la tumbaku, ili asije akaambiwa anauza nzima pembeni.

Sababu alikuwa nazo tele. Kwanza alisema barabara ina mashimo. Halafu akasema globu za siku hizi hazina nguvu, halafu unyevu wa ukungu, halafu watu wanaopanda nyuma na kurukaruka. Alitafuta kosa kila mahali isipokuwa pale alipotia mkono wake kila siku.

Maana kishikizo cha betri, kile chuma kinachobana kichwa chake, hubanwa na bolti ndogo na nati. Kufunguliwa kila jioni na kufungwa kila asubuhi kuliimaliza nati meno yote. Romanus hakujisumbua. Alikipigilia kishikizo kwa jiwe, akachomeka kipande cha bati la debe la mafuta, akafunika, safari ikaanza.

Ottilia aliona. Ndiye aliyembebea betri asubuhi mgongo wa kaka yake ulipouma. Siku moja akasema, "Kaka, kile chuma kinacheza. Nimekigusa kikatoa cheche."

"Wewe jua mitumbwi," Romanus akamjibu, akacheka. Ottilia naye akacheka, akaenda zake kuchota maji.

Katikati ya Agosti, asubuhi, lori likiwa limejaa magunia, taa zote mbili zilizimika kwenye mteremko wa kwenda Mbinga. Ukungu ulikuwa mzito. Florian, mmoja wa wale wakulima kumi na wawili, alikuwa anapanda mlima kwa miguu na mbuzi wake wawili. Alisikia mngurumo lakini hakuona mwanga, akadhani lori liko mbali. Lilimsukuma mtaroni, likamvunja mguu. Romanus alimbeba mwenyewe hadi kwenye lori, na njia nzima Florian alikuwa akirudia swali moja, "Taa ziko wapi, Romanus? Mbona huwashi taa?"

Kwao Umatengo wanaume wa ukoo hula pamoja kwa mzee wao. Hiyo ndiyo sengu. Watu wananawa, wanakula, na mikono ikishapanguswa mambo yanasemwa. Jioni ile watu hawakula sana.

"Taa zilianza kufa lini?" aliuliza mzee Blasius.

"Juni, baba mkubwa."

"Na Juni nani aliingia nyumbani mwako?"

Hakuna aliyetaja uchawi. Walikuwa Wakatoliki, neno lile walilionea haya. Blasius alisema taratibu, tena kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyomaliza kila kitu. "Mtoto wetu hatumchukii. Lakini mumewe hakuzikwa. Yuko gizani kule majini, na mtu aliye gizani hutafuta mwanga. Amemfuata mkewe hadi hapa. Mrudishe alikoolewa, wayamalize huko. Leo ni mguu wa Florian. Kesho?"

Romanus angeweza kusema kwamba hayo ni mambo ya gari. Neno lilimfika mdomoni. Lakini angelisema, wangemuuliza: basi gari lina nini? Na yeye angelazimika kujibu, mbele ya baba zake wote, kwamba hajui. Alitazama chini, akasema, "Nimesikia." Mwanamume yule aliyepita vita vizima alishindwa kutamka neno moja dogo.

Kulipokucha alimwambia Ottilia afunge mzigo. "Ni kwa muda tu."

"Nimekosa nini, kaka?"

"Hujakosa kitu."

"Sasa naenda kwa nini?"

Romanus akajifanya anakaza kamba za magunia. Celestina alibaki jikoni akilia kwa hasira na hakutoka kuaga. Pale karibu na mafiga gunia la betri lilikuwa bado na joto.

Walishuka kuelekea ziwani wamekaa wawili mbele. Kwenye kona za mwisho za mlima, ndani ya ukungu, taa ya kulia, aliyoitia globu yake ya mwisho, ikawaka ghafla, nyeupe kupita kiasi, kisha ikafa. Wote wawili waliona.

"Umeona?" Romanus alisema, na sauti yake ilikuwa na nafuu ndani yake. Aibu ya nafuu ile ilimjia baadaye. Wakati ule alijisikia tu kama mtu aliyethibitishiwa. Ottilia aligeuza uso, akatazama nje hadi ziwa lilipoonekana.

Alimshusha uani kwa Urbani. Urbani alipokea mzigo, akashukuru kwa adabu. Romanus hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwa Egidi, fundi wa injini za maboti, ambaye hakukosa globu moja mbili za akiba, na kwa kuwa aliona haya kuomba nyingine, alimwaga kopo la tumbaku juu ya meza ili fundi aone msiba wake.

Egidi alikuwa mzee mfupi, asiyeficha neno. Aliinua globu moja kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akainua ya pili, ya tatu.

"Hizi zimeuawa na nini?"

"Barabara," Romanus alisema. Yale mengine hakuyataja.

"Barabara haifanyi hivi. Globu iliyokufa kwa mtikisiko kioo chake ni cheupe, uzi tu umekatika. Hizi tazama, zimekuwa nyeusi ndani. Zimepikwa hizi. Umeme umezidi." Alikuwa ameshatoka nje. "Fungua tuione betri."

Aliliona bati. Alilivuta kwa vidole viwili, kishikizo kikacheza chenyewe. Egidi hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka.

"Dainamo inatoa umeme, betri inaumeza. Betri ndiyo inayoutuliza. Sasa gari likiruka, chuma hiki kinaachia, betri haimezi tena. Umeme wote unakwenda wapi? Unakimbilia kwenye taa. Hapo globu inawaka nyeupe kidogo, halafu basi. Hukuona cheche hapa?"

"Kuna mtu aliona," alisema Romanus.

"Basi ungemsikiliza."

Egidi aliweka bolti mpya na nati mpya, akakaza kwa spana, akampa globu mbili, akamkataza kuifungua tena hadi betri ife yenyewe. Kazi nzima haikufika robo saa. Romanus alirudi kwa Urbani karibu anakimbia, dereva mzima na koti lake la jeshi, watoto wanamtazama.

Ottilia alikuwa amekaa chini uani, anachambua usipa juu ya jamvi. Alikuwa tayari amevaa kitambaa cha kazi. Romanus alichuchumaa mbele yake, akamweleza yote, nati, bati, dainamo, maneno yakigongana. Akamaliza, "Inuka twende nyumbani."

Ottilia alimsikiliza hadi mwisho. "Nilikuambia chuma kinacheza," alisema.

"Uliniambia."

"Ukacheka."

"Nimekosa, mdogo wangu. Nisamehe. Twende."

Ottilia alitupa mchanga uliokuwa kati ya samaki, kidogo kidogo. "Uliniambia hapa ni kwenu, hakuna wa kukuondoa. Na mimi niliamini, kaka, nikalala usingizi. Nikirudi sitalala. Nitakuwa nasikiliza lori asubuhi, nisikie kama limewaka. Hapa angalau wanasema wazi wanachokitaka kwangu." Machozi yalimtoka lakini mikono haikusimama. "Nenda. Ukungu utakufunga njiani."

Alikwenda. Alipandisha mlima taa zote mbili zikiwaka, imara, na zikaendelea kuwaka. Ziliwaka Septemba, zikawaka msimu wote wa mvua, zikapita Noeli na Pasaka. Betri haikuingia jikoni tena. Aliifunika gunia hukohuko kwenye lori, na siku za baridi alizungusha hendeli peke yake, asikubali msaada.

Jioni moja kwenye sengu mzee Blasius alimtazama kwa upole. "Umeona sasa? Tangu aende, je, imekufa hata moja?"

"Haijafa, baba mkubwa."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maji ya kunawa yalipitishwa, Romanus akanawa, akamega tonge. Celestina, aliyejua yote, alimwuliza usiku ule atasema lini. Akamjibu kwamba atasema. Kila mavuno wachuuzi walimletea kapu la usipa la Ottilia kutoka Mbamba Bay, bila salamu, na kila mara aliwagawia majirani lote.

Miaka miwili ikapita. Kisha asubuhi moja ya Julai, karibu na Litumbandyosi, taa ya kushoto ilizimika. Romanus alitoa globu, akaiinua juu. Kioo kilikuwa cheupe, safi, uzi tu umekatika. Ilikuwa imezeeka, imekufa kifo chake.

Habari ilitangulia kufika nyumbani. Jioni watu walipokwisha kula, mzee Blasius aliweka mikono magotini, akauliza, "Nani ameingia kijijini wiki hii?"

Kila mtu alijua. Tadea, binti wa Florian, alikuwa amerudi siku nne nyuma, amefiwa na mume, na mtoto mgongoni. Florian alikuwa amekaa palepale, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele. Uso wake ulibadilika.

Romanus alitoka nje. Wengine walidhani amekwenda haja. Alirudi na kopo la tumbaku, akazimwaga globu zote mkekani, nyeusi tisa, na juu yake akaiweka ile nyeupe. Aliwaambia. Alisema betri, bati, nati, cheche ambayo dada yake aliiona kwa macho yake akamwambia. Alisema fundi alimweleza siku ileile, kabla hajapanda mlima kurudi. Alisema Tadea asiguswe na mtu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu mpaka alipolitaja jina la Ottilia, hapo ikamkatika.

Mzee Blasius alichukua globu moja nyeusi, akaigeuza, akairudisha. "Kamlete," alisema. "Kesho asubuhi kamlete mtoto wetu."

"Ana mtoto wa Urbani sasa, baba mkubwa. Wa pili yuko tumboni."

Florian ndiye aliyesema, na hakusema kwa ukali. "Mimi mguu nilikusamehe siku ileile. Lakini miaka miwili, Romanus. Miaka miwili umekaa hapa unakula nasi, na ulikuwa unajua."

Romanus alianza kuziokota globu, moja moja, na kuzirudisha ndani ya kopo. Hakuna aliyemsaidia.