Kiti cha Wabangubangu

Mutu akisema tena neno "utamaduni" mbele yangu hapa Kasongo, nitamutemea mate. Na zamani nilikuwa nalipenda.

Jirani yangu Marcelline analima mihogo. Baba yake Muzimba, mama yake Mubangubangu wa Kabambare. Mashairi anatunga kwa Kiswahili, kwani ndiyo luga iliyowaunganisha nyumbani. Kukiwa kilio, cha Mukristo ao cha Mwislamu, tunamwita yeye. Anaimba maisha ya mufu, na mwishoni anaita jina lake, sisi wote tunaitika. Binti yake mwenyewe, Falonne, alipokufa na malaria kule Salamabila, alimutungia shairi lililoliza hata wanaume.

Basi ikaja konkuru, mashindano ya mashairi ya kabila zote. Marcelline alitaka kitu kimoja tu: jina la mutoto wake liitwe katika sale kubwa ya mikutano na watu waitike. Bwana Salomon, mukubwa wa komite, akamuuliza: "Mama, wewe kabila gani?" Kila kabila mushairi mumoja, ndiyo sheria yao. Kiti cha Wazimba kilikuwa kimekwisha kukaliwa na mushairi mwingine, Hippolyte.

"Basi muniweke upande wa mama yangu."

Salomon akacheka. "Mutoto ni wa baba, mama. Lakini shairi iko nzuri. Utuachie."

Aka! Wakalipeleka kwa Pitchou, eti Mubangubangu safi, mutu asiyewahi kulilia hata kuku.

Siku yenyewe Pitchou akasimama na ngozi begani, viatu vinametameta. Akasoma vizuri, nisimusingizie. Kufika mwisho, akaita jina lingine kabisa, la mababu, kwani komite ilisema Falonne ni jina la Kizungu, linaharibu utamaduni. Na watu wakapiga makofi. Makofi, kwa kilio!

Marcelline akasimama katikati ya sale. Hakulia. Akaita kama anavyoita kwenye matanga: "Falonne!"

Tukaitika, wanawake wote wa nyuma. Kisha wale wa mbele nao. Makofi yakakatika.

Salomon akashuka mbiombio, jasho likimutoka. "Mama, unatuharibia! Hiki ni kiti cha Wabangubangu. Huyo Falonne wako ni wa kabila gani?"

Marcelline akajibu:

"Kabila ya wafu."