Dada Tiketi na Safari ya Usiku wa Kuamkia Jumamosi

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumanne, feni ya ofisi ya tiketi haijashika kasi, na tayari Dada Tiketi ana mteja. Ni fundi seremala, mzee mrefu, vumbi la mbao limeng'ang'ania kwenye mikunjo ya vidole vyake.

Dada Tiketi anamtambua kabla hajaketi.

Miezi kumi na minne iliyopita alimuuzia mzee huyu tiketi ya kwenda kwenye harusi ya binti yake, ng'ambo, kilomita elfu saba na mia mbili. Ndege ilikuwa ya saa sita na dakika ishirini usiku, tarehe ya Jumamosi.

"Nikamwambia, baba, ni Jumamosi usiku," anakumbuka.

Alipaswa kusema usiku wa kuamkia Jumamosi. Mzee alifika uwanjani Jumamosi usiku, suti begani, ndege imeondoka tangu usiku uliotangulia. Harusi aliitazama kwenye simu ya jirani.

"Siku tatu sikupata usingizi," anasema Dada Tiketi, ambaye ana miaka kumi na mmoja katika kazi hii. Kwa siku huhudumia wasafiri watano hadi saba, wengi wao hawajawahi kupanda ndege. "Kompyuta inabadilisha tarehe saa sita usiku. Sisi kwetu usiku ni ule ule mpaka kuche."

Tangu hapo kila mteja humwandikia karatasi kwa mkono: siku ya kutoka nyumbani, saa ya kufika uwanjani, na saa za huko aendako. Wenzake humtania kwamba anagawa hirizi.

Sasa binti wa mzee atajifungua kwa upasuaji Jumatatu ijayo. Mjukuu wa kwanza. Mzee anataka awe pale mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Dada Tiketi anamuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini amerudi hapa na ofisi ziko tele mtaani.

"Hao wengine bado hawajakosea," mzee anajibu, akivuta kiti. "Wewe zamu yako imeshapita, mwanangu."

Dada Tiketi anacheka huku akifuta macho. Kisha anaandika: ndege ni ile ile ya saa sita na dakika ishirini usiku; toka nyumbani Ijumaa, ukishakula chakula cha jioni.

Mzee anaishika karatasi mbali na uso. Aliambiwa safari inachukua saa nane na dakika arobaini. Mbona karatasi inasema anafika saa moja asubuhi? Dada Tiketi anamweleza kwamba huko wako nyuma kwa saa mbili. Hapa nyumbani itakuwa saa tatu.

"Kwa hiyo hizo saa mbili napewa bure?"

"Bure, baba. Ila ukirudi wanazidai."

Safari hii Dada Tiketi haiachii karatasi kazi peke yake. Ijumaa akifunga ofisi atampitia mzee nyumbani, wafuatane hadi uwanjani, na hatatoka hapo mpaka amwone amevuka ukaguzi.

Jumamosi ofisi hufunguliwa saa tatu, wakati ule ule magurudumu ya ndege yatakapokuwa yanagusa ardhi.

"Nitafungua mlango, nikae, nisubiri simu moja tu," anasema. "Wateja watanisamehe."